Kuchonga mafundo ya Kikelti kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayeanza: mwenye patasi mbili tatu, kipande cha mbao na picha ya fundo aliyoiona mahali akasema, hili nataka kulichonga. Fundi wa nakshi mwenye uzoefu naye atapata la kuchukua, hasa kwenye uchoraji. Kama una haraka, nenda moja kwa moja kwenye swali la kamba zinazoonekana bapa. Hapo ndipo kazi nyingi za mwanzo zinapokwama.

Haya mafundo ni nini hasa?

Ni nakshi ya kamba zilizosukana, zisizo na mwanzo wala mwisho. Kila kamba hupita juu ya ile inayokutana nayo, kisha chini ya inayofuata, kisha juu tena, hivyo hivyo mpaka irudi ilikotoka. Aliyekulia karibu na wasuka mikeka ameshaiona kanuni hii kwenye ukili. Tofauti ni kwamba ukili husukwa hadi miyaa iishe, wakati fundo la Kikelti limefungiwa ndani ya fremu: kamba ikigota ukingoni hukunja na kurudi ndani.

Wakelti ni watu ambao lugha zao bado zinasikika Ireland, Uskoti, Welisi na Brittany huko Ufaransa. Wapenzi wa soka wanalijua jina hilo kupitia Celtic ya Glasgow, klabu aliyoichezea Victor Wanyama.

Ni sanaa ya kale kiasi gani?

Si ya kale kama wauza pete wanavyodai. Wakelti wa zamani kabisa, wale waliopambana na Warumi, walipamba ngao na panga zao kwa mistari ya kupinda na duara zinazojiviringisha. Kamba za kusukana zilishika nafasi baadaye, kuanzia karne ya 7 BK, katika monasteri za Ireland, Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, mahali ambapo watawa wa Kiayalandi walikutana na mafundi wa Kianglo-Saksoni waliokuwa wakifua dhahabu yenye wanyama waliosokotana. Kabla ya hapo kamba za aina hii zilikuwepo kwenye sakafu za mozaiki za Warumi na katika sanaa ya Wakristo wa Kikopti wa Misri. Kwa hiyo hakuna aliyeamka asubuhi moja akaibuni.

Kilele chake kwenye ngozi ya ndama ni Kitabu cha Kells, Injili nne zilizoandikwa karibu mwaka 800, kilichopo Trinity College, Dublin. Kwenye jiwe, tazama msalaba wa Muiredach huko Monasterboice, Ireland, uliochongwa mwanzoni mwa karne ya 10 na wenye urefu wa zaidi ya mita 5. Picha zake ni msaada mkubwa kwa mchonga mbao kuliko za kitabu, kwa sababu mchonga mawe naye alikuwa na tatizo lile lile ulilonalo wewe: rangi hakuna, ana kivuli tu.

Na kwenye mbao? Kuna kazi za zamani zilizobaki?

Chache, maana mti huoza. Zilizobaki nyingi zimebaki kwa sababu zilizama kwenye tope lisilopitisha hewa. Ninayoipenda kuliko zote ni ubao wa mchezo uliofukuliwa Ballinderry, Ireland, mwaka 1932. Ni ubao wa mraba wa karne ya 10, wa mti uitwao yew, wenye matundu 49 ya kuchomekea kete, vishikio vya umbo la vichwa, na ukingo uliojaa nakshi za kusukana. Uko kwenye makumbusho ya taifa huko Dublin. Ni kitu cha kushika mkononi, si cha kutundika kanisani. Ukubwa wa namna hiyo ndio unaomfaa anayejifunza.

Ukitaka kuona mbao iliyochongwa kwa ujasiri, tafuta picha za kanisa la mbao la Urnes, Norwei, lililo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1979. Mapambo ya ukuta wake wa kaskazini ni ya karne ya 11: wanyama wembamba waliojisokota, kamba nene kwa nyembamba. Hiyo ni kazi ya Waskandinavia, si ya Wakelti, lakini sijaona shule bora zaidi ya namna mti unavyoweza kusukwa.

Kila fundo lina maana yake?

Hapana. Watawa hawakuacha maandishi yanayosema hili ni la upendo, lile la ujasiri. Orodha za maana unazokutana nazo mtandaoni ni za juzi, na nyingi zimezaliwa na biashara ya vito. Fundo la pembe tatu Wakristo hulitumia kwa Utatu Mtakatifu, na matumizi hayo yana mashiko. Kwa mengine, mwachie mteja aweke maana anayoitaka, ila usimuuzie hadithi ya miaka elfu.

Sijui kuchora. Nitaweza?

Utaweza, na wakati mwingine asiyejua kuchora hufanya vizuri kuliko msanii, kwa sababu anaheshimu gridi. Fundo halichorwi kwa hisia, linajengwa. Unachohitaji ni daftari la hesabu lenye miraba, penseli kali, rula na kifutio. Bikari husaidia kwenye mipindo, lakini si lazima.

Nasisitiza jambo moja: chora mwenyewe fundo lako la kwanza, hata kama una mashine ya kuchapisha picha. Anayebandika picha ya mtandaoni juu ya ubao huwa hajui kamba inatoka wapi na inakwenda wapi. Akifika katikati ya kazi, penseli imefutika kwa jasho la mkono, anakata kamba iliyopaswa kubaki juu. Hapo hakuna kifutio.

Nianze na fundo gani, na ninalichoraje?

Anza na la miraba 2 kwa 3. Lina mapishano 7 na kamba moja tu inayopita kote.

Chora mstatili wenye miraba sita, miwili kwa mitatu, kila mraba sentimita 4 kwa 4. Weka nukta katikati ya kila mstari wa ndani, yaani kila mstari unaotenganisha mraba mmoja na jirani yake. Hesabu: lazima ziwe nukta 7. Kila nukta ni pishano, kwa hiyo chora juu yake alama ya X yenye miguu iliyolala nyuzi 45. Sasa unganisha miguu ya X moja na ya jirani yake kwa mstari laini. Miguu inayoelekea nje ya mstatili igeuze kabla haijagusa ukingo: ubavuni ipinde taratibu, kwenye kona nne iache ikutane kwa ncha. Ncha hizo za kona ndizo zinazolipa fundo sura yake ya Kikelti. Ukizipinda zikawa mviringo litafanana na kamba ya meli, nalo si baya, ila ni kitu kingine.

Mstari ulionao ni uti wa kamba. Uongezee upana, milimita 7 kila upande, upate kamba ya milimita 14. Upana huo huacha nafasi kati ya kamba na kamba inayokaribia upana wa kamba yenyewe, na jicho hulipenda fundo la hivyo.

Mwisho, amua juu na chini. Weka kidole popote, fuata kamba, na kwenye kila pishano andika: juu, chini, juu, chini. Utarudi ulikoanzia bila kugongana na alama zako. Kanuni hii haishindwi kwa kamba yoyote iliyojifunga, hata iwe tata namna gani. Ukikuta juu mara mbili mfululizo, umeruka pishano; rudi nyuma. Ukimaliza, tia kivuli cha penseli pale kamba inapopita chini. Kivuli hicho ndicho kitakachokuongoza ukiwa na patasi.

Nitajuaje fundo lina kamba ngapi kabla ya kulichora?

Kumbuka hesabu za shule ya msingi: Kigawo Kikubwa cha Shirika. Chukua miraba ya upana na ya urefu, tafuta KKS, jibu ndilo idadi ya kamba. Miraba 2 kwa 3, KKS ni 1, kamba moja. Miraba 4 kwa 6, kamba mbili. 3 kwa 3, kamba tatu, na 2 kwa 2 ni kamba mbili zilizoshikana, fundo ambalo Warumi walilipenda sana kwenye sakafu zao.

Hiyo ni kwa msuko mtupu. Michoro ya Kells imekwenda mbele zaidi: msanii anafuta pishano moja na kuweka ukuta mdogo mahali pake, wima au wa kulala, na kamba mbili zilizotaka kupishana zinageuzwa na ukuta huo. Kuta tatu nne zilizopangwa vizuri hubadilisha msuko wa kawaida ukawa fundo lenye macho na mianya. Ukishaweka kuta, hesabu ya KKS haikusaidii tena. Rudi kwenye kidole.

Kwa hiyo hii ni sanaa ya Wazungu tu?

Mtindo huu wa Kikelti ni wao, na ni haki kuwatajia. Kusukana kwenyewe hakuna mwenyewe. Wakuba wa Kasai, Kongo, wamechonga vikombe na masanduku ya mbao yenye kamba zilizosukana kwa ustadi ambao mtawa yeyote wa Kells angesimama kuutazama. Wachokwe wa Angola, kusini mwa Kongo na Zambia huchora mchangani michoro iitwayo sona: wanaanza na safu za nukta, kisha kidole kinazizunguka bila kuinuliwa. Mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefanya kazi Msumbiji, aliichunguza kwa miaka mingi, na katika michoro hiyo KKS inafanya kazi vile vile.

Fundi wa milango ya nakshi wa Unguja au Lamu akitaka kujaribu, mkono tayari anao. Atakalojifunza upya ni gridi na mteremko wa kamba, basi.

Nitumie mbao gani?

Kwa Afrika Mashariki, jakaranda ndiyo chaguo langu la kwanza kwa anayejifunza. Ni laini, rangi yake nyeupe inaonyesha penseli vizuri, na wachongaji wa Kikamba wamekuwa wakiitumia kwa wanyama wao kwa muda mrefu, kwa hiyo inapatikana. Mninga ni hatua inayofuata: mgumu kiasi, hautembei sana ukishakauka, na rangi yake ikiguswa na mafuta inapendeza mno. Angalia tu usichukue kipande chenye mistari myeusi mingi, itashindana na nakshi yako.

Mvule huwavutia watu kwa sababu ya milango ya zamani, lakini kwa fundo dogo unasumbua. Nyuzi zake hulala tabaka moja huku, tabaka linalofuata kule, hivyo patasi inayoteleza vizuri sentimita hii inang'oa sentimita ijayo. Tena ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa. Ukikigonga kimoja utausikia mlio, na makali yako yameshapata pengo. Vumbi lake nalo huwasha ngozi na kifua. Mkangazi una tabia hiyo hiyo ya nyuzi kupishana, bila vijiwe. Msaji unachongeka, ila hula makali haraka.

Paini na sipresi za ujenzi, hapana. Pete zake ni laini na ngumu kwa zamu. Patasi inabonyeza laini na kuruka kwenye ngumu, na kingo za kamba zinabaki na manyoya. Mpingo ni mzuri kupita kiasi na mgumu kupita kiasi. Ni mti unaozama majini. Uache mpaka mkono wako ukomae.

Aliye Ulaya au Marekani atafute mti wa Tilia, ambao Waingereza na Wamarekani wanauuza kwa majina tofauti lakini ni jamii moja. Ni mti wa wachongaji tangu zamani, laini na wenye nyuzi ndogo zisizo na ubishi.

Mbao yoyote iwe kavu. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila inchi ya unene. Mbao mbichi huchongeka kama siagi, ni kweli, kisha wiki ya tatu fundo lako linapasuka katikati.

Vifaa gani ni vya lazima?

Usinunue seti ya vipande kumi na viwili yenye mipini ya rangi. Chuma chake mara nyingi ni laini, na utatumia vitano tu. Bora hivi:

– patasi bapa ya milimita 6 hadi 8, na nyingine nyembamba ya milimita 3
– bobari, yaani patasi yenye makali yaliyopinda, isiyo na kina kirefu, milimita 8 (kwenye namba za viwandani ni namba 3; namba ikipanda, mpindo unaongezeka)
– patasi ya V ya milimita 6
– kisu kifupi chenye ncha

Ongeza nyundo ya mbao, klampu mbili na kinoo. Kwa kona ndogo zilizo chini ya mapishano, mafundi wengi hutengeneza patasi zao wenyewe kutokana na msumari wa zege: unapondwa bapa, unasuguliwa, unatiwa mpini wa tawi. Unafanya kazi vizuri kuliko vingi vya dukani.

Klampu si anasa. Mbao ikifungwa mezani, mikono yote miwili inakaa kwenye patasi, nyuma ya makali. Ajali nyingi za wachongaji humpata aliyeshika mbao kwa mkono wa kushoto na patasi kwa wa kulia.

Makali yanatosha yakiwa makali kiasi gani?

Yakate kipande cha mbao kwa upande wa kukingama, bila kung'oa, na yaache uso unaong'aa. Kunyoa nywele za mkono si kipimo. Patasi inayonyoa inaweza bado kuacha michirizi kwenye mbao. Noa kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 25, kisha sugua kwenye kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arishia vyuma, ukivuta kurudi nyuma tu. Rudia kwenye ngozi kila baada ya muda mfupi, kabla makali hayajalalamika. Anayesubiri patasi iwe butu ndipo anoe hutumia nguvu nyingi, na patasi ya nguvu ndiyo inayoteleza.

Nikishahamisha mchoro kwenye mbao, naanza kukata wapi?

Nje ya kamba, na patasi ya V. Acha milimita moja kutoka kwenye mstari, upande wa mbao itakayoondoka, na uzungushe mfereji kwenye kila kamba. Usivuke kamba iliyo juu. Mfereji huo unatoa nafasi. Bila huo, ukishindilia patasi wima kando ya kamba nyembamba, unene wa patasi unaisukuma na kuimega.

Kisha shusha sakafu, yaani yale matundu kati ya kamba, hadi milimita 6. Matundu ya pembe tatu yapige kwa patasi nyembamba: mikato mitatu kutoka kona kwenda katikati, halafu ondoa kipande kwa ncha ya kisu. Sakafu haina haja ya kuwa kama kioo. Wengi huigonga kwa msumari uliochongwa kichwani ili iwe na vidoti. Vidoti hula mwanga na kamba inasimama. Ni ujanja wa halali.

Hapo una kamba tambarare zilizosimama juu ya sakafu, bila juu wala chini. Sasa ndipo mapishano yanaanza.

Nimechonga kila kitu, lakini kamba zinaonekana bapa, kama biskuti zilizopangwa. Kwa nini?

Kwa sababu umechonga hatua, hujachonga mteremko. Ni kosa la karibu kila anayeanza: anafika kwenye pishano, anakata wima kando ya kamba ya juu, anachimba kamba ya chini kwa milimita tatu palepale, na kuacha ngazi. Jicho halidanganyiki. Kamba halisi haiangukii chini ya mwenzake ghafla. Inaanza kushuka mbali.

Chukua kipimo cha fundo letu. Kamba ni milimita 14, na kati ya ukingo wa pishano moja na ukingo wa lijalo kuna milimita 14 hivi za kamba iliyo wazi. Upande mmoja kamba hiyo iko juu, upande wa pili iko chini. Basi milimita zote 14 ni mteremko. Anza kushusha pale inapotoka kwenye pishano la juu, kwa bobari, kidogo kidogo, hadi igote kwenye ukingo wa kamba inayoifunika ikiwa chini kwa milimita 3. Ng'ambo ya pili fanya hivyo hivyo kinyume. Kwenye fundo zima pasiwe na kipande cha kamba kilicholala sawa, isipokuwa kileleni, pale inapopita juu.

Kuna kitu cha pili ambacho ni rahisi kukisahau: kamba ya chini lazima itokee upande wa pili mahali inapopaswa kutokea. Weka rula juu ya kingo zake pande zote mbili za pishano. Zisipolingana, hata kwa milimita moja, mtazamaji hatajua kasoro ni nini lakini ataona kamba imevunjika.

Ona pia kwamba hatujachimba kwenda chini zaidi. Watu wakiona kazi yao ni bapa wanafikiri dawa ni kina. Milimita 3 zenye mteremko zinashinda milimita 10 zenye ngazi, na kamba inabaki imara.

Patasi inang'oa nyuzi kwenye mipindo. Nifanyeje?

Geuza upande unaoanzia kukata. Tuseme nyuzi za mbao zinakwenda wima, na una kamba iliyopinda duara. Ukingo wake wa nje ukate kutoka ubavuni, kushoto au kulia, kuelekea juu na kuelekea chini. Ukingo wa ndani ni kinyume: kutoka juu au chini kuelekea ubavuni. Maana yake kwenye duara moja utabadili mwelekeo mara nne nje na mara nne ndani. Mwanzoni utafikiria kila mkato. Baadaye mkono husikia wenyewe, kwa sababu mbao inayokatwa vibaya hutoa sauti ya kukwaruza kabla haijang'oka.

Kamba imemeguka kwenye pishano. Nitupe?

Usitupe, na usifagie meza. Kitafute kipande, kitie gundi ya mbao kidogo, kirudishe kilipotoka, kifunge kwa utepe na ukiache usiku kucha. Kikirudi na nyuzi zake hakionekani. Kujaza unga wa mbao na gundi ni suluhisho la mwisho. Doa litajitokeza siku ya kupaka mafuta.

Mara nyingi humeguka pale kamba inapokatiza nyuzi za mbao. Ukiwa bado kwenye karatasi, laza mchoro ili sehemu ndefu za kamba ziende na nyuzi.

Nipige msasa?

Kidogo, au usipige kabisa. Msasa unakula kingo, na kingo ndizo zinazochora kivuli. Tena punje zake hubaki kwenye mbao na zitaharibu makali ukirudi na patasi. Kama ni lazima, iwe ni baada ya mkato wa mwisho, msasa namba 240 uliokunjwa, juu ya mgongo wa kamba tu. Mimi napendelea alama za bobari zionekane.

Nimalizie na nini?

Mafuta ya kitani, tabaka jembamba, futa yote yasiyonyonywa, acha yakauke, rudia. Vanishi nene hujaa kwenye kona za mapishano na kufanya fundo lionekane limelowa. Jambo la hatari ni matambara: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kona ya karakana kinaweza kupata joto na kuwaka chenyewe. Kianike kikiwa kimetandazwa nje, au kitie kwenye maji.

CNC, mashine ya kuchongea inayoongozwa na kompyuta, inafanya hivi kwa muda mfupi. Kwa nini nisumbuke?

Kama unataka milango arobaini inayofanana, tumia CNC. Ila tazama pembeni mwa mapishano: ncha ya mashine inazunguka, kwa hiyo huacha kona za ndani zenye mviringo. Patasi huacha kona kali, na kamba inaonekana kweli imeingia chini. Wapo wanaoiachia mashine sakafu na kumalizia mapishano kwa mkono. Sina ugomvi nao.

Naweza kuuza kazi yangu nje ya nchi?

Unaweza, ila jua mti wako. Mpingo na jamii yake nzima ya Dalbergia uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017; mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika zimeingia 2023. Mbao ghafi za miti hiyo hazivuki mpaka bila kibali. Bidhaa za mpingo zilizokamilika zina nafuu: mzigo usiozidi kilo 10 za mti huo hauhitaji kibali cha CITES. Hata hivyo afisa wa forodha huenda akataka kujua ni mti gani, kwa hiyo pitia ofisi ya misitu kwanza, na kwenye risiti andika jina la mti kwa Kiswahili na la kisayansi. Jakaranda haina masharti ya CITES.